Majengo ya Meru na Embu yasifutwe kwa jina la nyumba mpya

Zikitajwa habari za kuhifadhi majumba ya kale, mawazo yetu sisi watu wa pwani huelekea moja kwa moja Lamu, au Mji wa Kale wa Mombasa, au magofu ya Gedi. Wala si ajabu. Gedi ilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria tangu mwaka 1927. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Na Fort Jesus nayo ikafuata mwaka 2011. Majumba hayo ni ya mawe na chokaa, na wageni huvuka bahari kuja kuyatazama. Leo, kwa idhini ya wasomaji, nataka tuipe bahari mgongo kwa muda, tupande hadi miguuni mwa Mlima Kenya, katika miji ya Meru na Embu. Huko nako ziko nyumba za asili ya kwetu, ila hizo ni za udongo, hazina milango ya nakshi, na hakuna mgeni apigaye picha mbele yake. Kwa sababu hiyo naziogopea.

Miji hiyo yote miwili ina mtaa uitwao Majengo. Jina hilo peke yake lamtosha mtu wa pwani kujua kuwa hapo pana ndugu zake. Mombasa iko Majengo. Nairobi iko Majengo ya Pumwani, iliyotengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya mwanzo ya 1920. Na miji mingi ya bara, ukiuliza Majengo, hukosi kuonyeshwa. Aghalabu utaonyeshwa kwa kidole cha dharau, kwani siku hizi jina hilo hutajwa pamoja na vichochoro, maji machafu na ulevi. Lakini kabla ya kuwa jina la dharau, Majengo lilikuwa jina la mji.

NYUMBA YA UKUMBI

Nyumba ya Majengo haifichi ilikotoka. Mbele ina baraza, na juu ya baraza mna watu na mazungumzo yao. Mlango ni mmoja, katikati. Ukipiga hodi ukakaribishwa, wapokewa na ukumbi mrefu ulionyooka hadi nyuma, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Mwisho wa ukumbi ni ua, na uani ndiko liliko jiko, choo, na kamba za kuanikia nguo. Mwanamke aweza kushinda uani siku nzima na kazi zake pasipo mpita njia kumwona, na mwanamume aweza kupokea wageni barazani pasipo kumsumbua mtu wa ndani. Nani asiyeijua nyumba hii? Ni ile ile ya Mombasa, ya Malindi, ya Tanga na ya Ng'ambo ya Unguja.

Vifaa vyake, lakini, ni vya mlimani. Fito zilikatwa huko huko, udongo ni ule mwekundu wa mashamba ya kahawa, na kwa kuwa mnazi haumei katika baridi ile, paa halikuezekwa makuti bali madebe yaliyokunjuliwa, na baadaye mabati. Ramani ilitoka pwani kichwani mwa fundi, naye akaijenga kwa alichokikuta. Mimi naona kuwa hilo peke yake ni jambo la kuhifadhiwa, sawa na kitabu cha mkono.

Walifikaje huko? Njia ilikuwapo kabla ya Wazungu kuweka maboma yao. Chanler, yule Mmarekani aliyeondoka Lamu mwaka 1892 akafuata Mto Tana kuelekea nchi za Wameru, hakubeba mizigo yake mwenyewe. Ilibebwa na wapagazi waliotoka Unguja na pwani. Waingereza walipofungua boma Embu mwaka 1906, na Meru karibu miaka miwili baadaye, walikuja na askari, wapagazi, wapishi na wakalimani, na nyuma yao wakaja wauza nguo na mafundi cherehani. Wengi wao hawakurudi. Walioa huko huko, na Wameru na Waembu waliosilimu wakahamia karibu nao. Basi tusije tukadhani kuwa Majengo ni kijiji cha wageni kilichopandikizwa. Ni mahali ambapo watu wa pwani na watu wa mlima walizaa watoto pamoja, na watoto hao leo ni wajukuu na vitukuu, wanaosema Kimeru au Kiembu sokoni na Kiswahili nyumbani.

RUHUSA YA MUDA

Jambo moja hawakulipata: hati ya ardhi. Serikali ya kikoloni iligawa nchi kwa makabila. Mmeru alikuwa na ardhi ya ukoo wake, Muembu kadhalika, na Mzungu alikuwa na shamba lake. Mswahili wa mjini hakuwa na fungu. Katika vijiji vingi vya namna hii vilivyowekwa kando ya maboma, mkaaji alipewa ruhusa ya kukaa kwa muda tu. Akajenga kwa udongo, kwani mwenye akili hajengi jiwe juu ya ardhi asiyo na hakika nayo. Kisha akaambiwa kuwa nyumba yake ni mbaya kwa sababu ni ya udongo!

Msomaji wa Mombasa hana haja ya kufafanuliwa neno hili. Kwetu tumelizoea kwa jina la nyumba bila ardhi: nyumba yako, kiwanja cha mwingine, nawe walipa kodi ya ardhi mwaka baada ya mwaka, na siku mwenye kiwanja akiuza, nyumba yako yawa takataka juu ya mali ya mtu. Tofauti ni kuwa mtu wa Mombasa akiondolewa ana jamaa wa kumkimbilia Kisauni au Likoni. Mjukuu wa mpagazi aliyezaliwa Majengo ya Embu atakimbilia wapi? Pwani haijui, shamba la ukoo hana, na kile chumba cha udongo ndiyo nchi yake yote.

HAJA YA NYUMBA NI YA KWELI

Sasa nageukia upande wa pili, kwani haifai kusema na kusikia kwa sikio moja. Haja ya nyumba mijini si maneno ya wanasiasa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru, na 608,599 katika Kaunti ya Embu. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na tangu mwaka 2013 ni makao ya serikali ya kaunti. Meru nayo ina gavana wake na maofisi yake. Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia kilipewa hati yake mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Kila chuo huleta vijana kwa maelfu, na kila kijana ataka chumba. Mashamba nayo yamegawanywa kwa urithi hata kijana wa mlimani hana pa kulima, basi hushuka mjini.

Serikali yenyewe imekuwa ikisema kwa miaka kuwa Kenya ina upungufu wa nyumba zipatazo milioni mbili, na kuwa nyumba 250,000 zatakiwa kila mwaka ilhali zinazojengwa ni kama 50,000 tu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kuwa na makao yanayofaa na usafi wa kadiri. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 imeweka tozo: mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Fedha zinakusanywa, na fedha zikikusanywa viwanja hutafutwa.

Tena sitaki kuisifu nyumba ya udongo kupita haki yake. Mimi nimepita katika vichochoro vya Majengo wakati wa mvua za Aprili. Udongo wa ukutani hunyonya maji, sakafu hupiga ukungu, na baridi ya Meru si mchezo kwa kifua cha mtoto. Choo kimoja kwa vyumba sita si heshima. Moto ukishika nyumba moja, jirani hawezi kulala. Anayekaa mbali katika nyumba ya mawe yenye maji ya mfereji, kisha akawaambia watu wa Majengo wasiguse kitu kwa kuwa nyumba zao ni historia, huyo hana haya. Historia hailiwi, wala haifuniki mtoto usiku.

Basi si kwamba nataka Majengo yabaki kama yalivyo. Neno langu ni moja: haja ya nyumba isiwe kisingizio cha kuanza kubomoa kwa mnyonge, na kumfuta yeye pamoja na alichokijenga, hali pana ardhi kwingine.

JIWE LINA WAKILI

Hebu tutazame kilichohifadhiwa Meru mpaka sasa. Katikati ya mji pana Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Jengo lenyewe lilikuwa ofisi ya DC wa kikoloni, na huhesabiwa kuwa jengo la mawe la zamani kuliko yote mjini. Nalisifu sana jambo hilo. Ndani mmewekwa vifaa vya Wameru, na nyuma pamejengwa mfano wa boma la Kimeru la kale. Jumba la mtawala limegeuzwa kuwa mahali pa kumfundisha mtoto wa mtawaliwa habari za babu yake. Ni uhifadhi wenye akili.

Lakini tujiulize: kwa nini ofisi ya DC ilisalia? Ilisalia kwa sababu ni ya mawe, na kwa sababu ilikuwa ya serikali. Hoteli za zamani za Wazungu nazo, Pig and Whistle ya Meru na Izaak Walton ya Embu, kila mtu azijua, na majina yao hutajwa katika vitabu vya wasafiri. (Jina la ile ya Meru, msomaji Mwislamu atanisamehe, siwezi kulifasiri hapa.) Jiwe lina wakili, udongo hauna. Aliyekaa ofisini amekumbukwa, na mgeni aliyekuja kuvua samaki wa Rupingazi amekumbukwa. Aliyembebea sanduku, aliyempikia, aliyemtafsiria maneno ya wazee, huyo nyumba yake huitwa kibanda.

Wameru wenyewe si watu wa kufundishwa kuhifadhi. Wao husimulia kuwa asili yao ni pwani, mahali paitwapo Mbwaa, na kwamba walitoroka huko wakiwakimbia watu wa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu, waliowatia utumwani. Wengi husema hao walikuwa Waarabu, na mwanahistoria Fadiman aliona kuwa Mbwaa yaweza kuwa Manda, kisiwa kile tukionacho kutoka Lamu. Yawe yalivyokuwa, watu hawa wamebeba jina la kisiwa vinywani mwao kwa vizazi na vizazi, bila jiwe hata moja la kushika. Na baraza la wazee wao, Njuri Ncheke, lina nyumba yake ya mikutano huko Nchiru, nje ya mji. Chuo Kikuu nilichokitaja kimejengwa Nchiru hiyo hiyo. Kipya na cha kale vimekuwa majirani, na hakuna kilichomwambia mwenziwe ahame. Tena Lambert, Mwingereza aliyekuwa DC wa Meru katika miaka ya 1930 na aliyewapa Njuri Ncheke nafasi katika utawala, ndiye yule yule aliyekuja kuandika juu ya lahaja zetu za Kivumba, Kijomvu na Kichifundi. Ukitazama vizuri utaona kuwa mlima na pwani havikuanza kujuana jana.

TUJIFUNZE KWA YALIYOTUPATA

Sisi wa pwani tumeonja uhifadhi kabla ya wenzetu, na utamu na uchungu wake twaujua. Tuwaambie yote mawili.

Utamu ni kuwa Lamu ingali Lamu. Ngome yake iliyokuwa jela hata mwaka 1984 leo ni makumbusho, na mafundi wa chokaa, wa boriti na wa nakshi wangali na kazi. Uchungu ni kuwa ukuta waweza kuhifadhiwa na mwenyewe akahama. Nyumba ngapi za Lamu na Shela zimeuzwa kwa wageni kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na fedha za kuitengeneza kama sheria itakavyo? Nyumba ikapendeza, na mjukuu wa aliyeijenga akaenda kupanga chumba cha matofali nje ya mji. Uhifadhi wa namna hiyo ni wa maganda, kokwa imetoka.

Uchungu wa pili ni kudhani kuwa jina likiandikwa katika orodha, kazi imekwisha. Mji Mkongwe wa Unguja umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na hata hivyo sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba tulilojivunia kuliko yote, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Orodha haishiki ukuta. Ukuta hushikwa na fundi anayelipwa na mkaaji anayeishi ndani.

Waislamu tunayo kanuni inayofaa hapa, nayo ni wakfu. Mtu akiweka wakfu shamba au nyumba, asili yake huzuiwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, bali manufaa yake hutolewa kwa wahitaji. Minazi ya wakfu haikukatwa ikawekwa kabatini itazamwe. Iliendelea kuzaa, na nazi zake zikasomesha watoto. Hivyo ndivyo mji wa kale utakiwavyo kutendewa. Asili ishikwe, manufaa yatoke, nayo yatoke kwanza kwa aliye karibu.

HESABU YA VYUMBA SITA

Wapo watakaosema: bomoa nyumba kumi za udongo, jenga ghorofa moja, watu mara tano watapata pa kulala, hesabu ni rahisi. Naomba tuifanye hesabu hiyo polepole.

Tuseme nyumba moja ya Majengo ina vyumba sita. Mwenyewe ni mjane aliyeirithi. Viwili akaa yeye na wajukuu, vinne apangisha kwa muuza mboga, fundi viatu, mlinzi wa usiku na kijana wa chuo. Nyumba hiyo ni makao ya watu wa milango mitano, na ni pato la mjane katika uzee wake. Siku ikibomolewa, mjane apoteza makao na pato kwa mara moja. Kama ana bahati ataandikiwa nyumba moja ya ghorofani ya kulipia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Jana alikuwa mwenye nyumba, leo ni mdeni. Na wale wapangaji wanne? Sheria ya mwaka 2024 huwaweka wenye pato la chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi katika fungu la nyumba za jamii, na hilo ni jema. Lakini muuza mboga anayepata leo na kukosa kesho atathibitishaje pato lake? Anayehesabu milango ya ghorofa mpya na asihesabu milango iliyovunjwa, hajui hesabu au hataki kuijua.

Nami nauliza, kwa nini jicho litue Majengo kwanza? Meru na Embu, kama miji mingine iliyoanza kama maboma, zimerithi nyumba za maofisa zilizojengwa moja moja katikati ya bustani pana, kwa desturi ya wakati ambapo mtawala alitaka nafasi kati yake na jirani. Katika bustani ya nyumba moja kama hiyo yaweza kusimama makao ya familia nyingi. Ikihitajika, na ihifadhiwe nyumba moja au mbili za namna hiyo kwa kumbukumbu, maana nazo ni historia. Lakini kupanua mji kwa kubomoa palipobanana na kuacha palipo wazi ni sawa na mtu aliyeishiwa na nafasi kitandani akamtoa mtoto, akauacha mto.

LA KUFANYWA

Kusema bila kupendekeza ni kulalamika, kwa hiyo natoa mapendekezo yangu manne.

La kwanza, nyumba za Majengo ya Meru na Embu ziandikwe kabla ya lolote kutendeka. Kila nyumba ichorwe ramani, ipigwe picha, na wazee wake waulizwe: nani aliijenga, alitoka wapi, alifanya kazi gani, alioa kwa nani. Kazi hii haihitaji mamilioni. Vyuo vikuu viwili vipo hapo hapo, na Makumbusho ya Meru yapo. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi za nyumba na za makumbusho pamoja. Hakuna haja ya kungojea Nairobi. Ikionekana kuwa pana jengo la thamani ya kitaifa, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yatoa njia ya kulilinda.

La pili, haki ya mkaaji itangulie nyundo. Mwenye nyumba apewe hati, au wakaaji wote wapewe hati moja ya pamoja, kabla ya fundi kupima msingi. Embu ilikuwa miongoni mwa miji 15 ya mpango wa KISIP ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia na wahisani wengine, mpango uliokusudiwa kuipatia mitaa ya wanyonge barabara, maji, taa na hakika ya ardhi pasipo kuwahamisha watu. Basi njia ya kutengeneza bila kufuta yajulikana, na Embu imekwisha kuingizwa katika darasa lake.

La tatu, si kila nyumba itabaki, wala haifai. Ichaguliwe njia moja katika kila Majengo, yenye nyumba chache zilizo madhubuti, pamoja na msikiti wa zamani na madrasa yake kama zipo hapo, zitengenezwe vizuri: msingi wa mawe, kuta zikandikwe upya na kupakwa chokaa, mabati mapya, vyoo vya maji. Watu wakae humo humo. Zilizobaki zikijengwa upya, majina ya njia yabaki, na wakaaji wa kwanza wawe wale wale.

La nne, ghorofa mpya zijifunze kutoka nyumba ya kale. Michoro ya nyumba za serikali mara nyingi humtaka mpishi akaange samaki mbele ya mgeni, na humnyima mama pa kuanikia nguo isipokuwa dirishani mbele ya barabara. Je, ni vigumu kuweka baraza ya pamoja chini, ua wa ndani wenye kivuli, na jiko lililojitenga na sebule? Fundi asiyejua kusoma aliyaweka hayo yote kwa fito na udongo. Mchoraji mwenye digrii atashindwaje kwa saruji na chuma? Na hayo si kwa Waislamu peke yao. Mkristo wa Meru pia apenda kuficha jiko lake na kukaa nje jioni na jirani.

SISI TUNA SEHEMU GANI?

Msomaji wa Mombasa au Lamu ataniuliza: haya yote ni ya kaunti za mbali, mimi yanihusu nini? Yakuhusu kwa sababu moja kubwa. Ushahidi wa watu wa Majengo uko nusu kwao, nusu kwetu. Majina ya waliokwenda bara na wasirudi yamo katika nyumba zetu: mjomba aliyepotea, babu aliyekwenda na safari akaandika barua moja tu. Zimo barua katika masanduku ya bibi zetu, kwa hati za Kiarabu, zinazotaja Meru, Embu na Fort Hall. Barua hizo zaweza kumsaidia mjukuu wa Embu kuonyesha kuwa babu yake alikuwa na asili, na kuwa alikuja pale kwa kazi iliyojulikana. Tuzitoe, zisomwe, nakala zake zipelekwe kunakoweza kutumiwa, kabla mchwa haujazisoma peke yake.

Sisi tumezoea kulalamika kuwa historia ya Waswahili imedharauliwa, na ni kweli mara nyingi imedharauliwa. Lakini sisi wenyewe tumeipima kwa mawe. Tumeona fahari katika jumba la ghorofa la tajiri wa Lamu, tukasahau chumba cha udongo cha mpagazi aliyeipeleka lugha yetu mlimani kwa miguu. Kiswahili kinachosemwa leo sokoni Gakoromone hakikufika kwa meli, wala hakikuchongwa mlangoni. Kilifika juu ya kichwa cha mtu, pamoja na mzigo.

Nyumba mpya na zijengwe, tena upesi, kwani watu wanateseka. Zijengwe kwanza pale palipo wazi. Na siku zamu ya Majengo itakapofika, mjane wa vyumba sita awe wa kwanza kuitwa mezani, na hati yake iwe mkononi.